Dresa Asukile na Daftari la Mabaka

Tarehe 30 Juni 1958 Bwana Asukile Mwaipungu anatimiza miaka ishirini na tisa ya utumishi katika Hospitali ya Misheni Itundulu, na siku hiyohiyo anastaafu. Aliingia mwaka 1929 kufagia wodi, akafundishwa kufunga vidonda, na tangu 1944 amekuwa dresa mkuu. Mimi Didas, mgawa dawa, nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu wa kusomwa siku ya kumuaga kwa sababu, wanavyodai wenzangu, ni mimi pekee ninayeweza kuusoma mwandiko wake.

Nianze na kichekesho, maana mwenyewe hukisimulia kabla hujamwomba. Mwaka wake wa kwanza wa kufunga vidonda aliletewa mtoto wa kifafa mwenye wekundu mzito kutoka kipajini hadi kwenye kope ya jicho la kulia. Kwa baridi yetu hii moto hukokwa ndani, na watoto wa kifafa huangukia mekoni. Nusu ya wodi ilikuwa ya majeraha ya moto. Asukile hakumuuliza mtu. Alipaka dawa, akafunga bandeji, akaibadilisha kila asubuhi kwa siku kumi na moja. Kidonda hakikupona wala hakikuzidi. Siku ya kumi na mbili bibi wa mtoto akaja kumtazama mjukuu wake, akacheka hadi akakaa chini. "Dresa, hii rangi amezaliwa nayo. Mimi ndiye nilimpokea."

Aibu aliiona, lakini udadisi ulimzidi. Kwa nini mtoto mwenye baka hilo awe na kifafa? Na kwa nini mkono unaotetemeka akianguka uwe wa kushoto, ilhali baka liko kulia? Akanunua daftari. Kuanzia hapo kila mtoto wa kifafa alivuliwa shati, akakaguliwa mwili mzima na kuchorwa kwa penseli. Baka jekundu alilikandamiza kwa kitako cha bilauri aone kama rangi inafifia. Kisha swali: nani alimpokea mtoto huyu? Baba hakumwamini kabisa, mama alimwamini nusu, alimtaka mkunga. Wauguzi wakambandika jina la Bwana Nani-Alimpokea. Aliwahi kwenda hadi Makongolosi kumtafuta mkunga aliyehamia kwa mwanawe mchimba dhahabu, akarudi na jibu la neno moja juu ya upande baka lilipokuwa siku ya kuzaliwa: kushoto.

Daktari wetu alipofika baada ya vita alilisoma daftari hilo, akaagiza chai. Alieleza kwamba mimba ikiwa changa, ngozi na ubongo huumbika kutoka utando mmoja. Hitilafu ikitokea mapema inaweza kuacha alama yake kote kuwili. Ubongo wa kulia ndio unaoendesha mkono wa kushoto, na hivyo fumbo la mtoto wa bandeji likafumbuka. Si kila baka lina habari, alisisitiza. Wengi wetu tunayo na tuko wazima, na Asukile mwenyewe analo begani. Maswali ya dresa yalikuwa mengi mpaka chai ya daktari ikapoa.

Sasa nifike kwa Benedicta. Katika rasimu yangu ya kwanza hakuwemo. Mzee alinirudishia karatasi, akasema kama habari hiyo haimo, nisisome kitu.

Mwaka 1949 Benedicta, msichana wa miaka sita kutoka upande wa Iringa, aliletwa na mjomba wake. Mgongoni alikuwa na mabaka matatu meupe, puani na mashavuni vipele vidogo kama punje za ulezi. Daktari alikuwa safarini. Ilikuwa siku ya lori la kambi ya wakoma, na dereva alishaanza kupiga honi. Kipimo chetu kilikuwa unyoya wa kuku, kwa kuwa baka la ukoma halihisi. Asukile aliupitisha unyoya, mtoto hakutikisika, naye dresa akaandika jina lake kwa ajili ya kambi, na lori likaondoka naye. Hakujua kwamba Benedicta alikuwa ameanguka kifafa njiani, na aliyetoka kwenye kifafa huzubaa, hahisi hata kubanwa. Mjomba aliogopa kulisema. Na siku hiyo, kwa sababu ya honi, Asukile hakuuliza nani alimpokea.

Miaka mitatu baadaye Yudith wa Iyunga alimleta mwanawe Sekela, mwenye miezi mitano. Alikuwa na degedege zisizo na homa, na mabaka meupe yenye umbo la jani. Yudith alijua watu watasema ukoma. Mkunga alikuja naye: "Haya meupe ametoka nayo tumboni, dresa. Nimeyaona kwa macho yangu." Mtoto hazaliwi na ukoma. Unyoya ulipopita, Sekela alijikunja akacheka. Daktari alipekua kitabu chake, akakuta ugonjwa wa nadra wa vipele vya usoni na kifafa. Kuhusu mabaka meupe kitabu kilikuwa na mistari miwili tu. Waliokiandika walikuwa wakitazama ngozi nyeupe, wangeyaona wapi? Wote tulifurahi. Asukile alikaa kwenye benchi akashika kichwa, akimkumbuka Benedicta.

Likizo yake ya mwaka huo alipanda basi la Relwe, yaani la shirika la reli, hadi Iringa, kisha akatembea hadi kambini. Alimpima Benedicta asubuhi tatu mfululizo, akiwa macho na ameshiba. Mtoto alihisi kila mahali. Wakuu wa kambi waliisoma barua ya daktari, wakampima wenyewe, wakamwachia.

Mama yake, Matilda, alikuwa ameishi miaka mitatu akiitwa mama wa mkoma. Hata pombe yake ya ulanzi ilikosa wanywaji. Hakumshukuru mtu. "Dresa, ni wewe uliandika mtoto ana ukoma. Leo unasema hana. Mimi nikuamini siku gani?"

Tangu hapo, kila baada ya miezi mitatu, Asukile amempelekea Benedicta vidonge vya kifafa kwa mkono wake mwenyewe. Benedicta hajapona. Anaanguka mara moja au mbili kwa mwezi badala ya kila siku, maneno yake ni machache, na anasuka vikapu vizuri kuliko mama yake. Kwa miaka sita Asukile alivikabidhi vidonge mlangoni, amesimama. Hakupewa kigoda wala maji ya kunywa, na anayezijua nyumba za Wahehe anajua uzito wa jambo hilo. Hapa hospitalini aliweka utaratibu: hakuna jina linaloandikwa kwa ajili ya kambi kabla mtoto hajalala kwetu usiku mmoja na aliyempokea hajaulizwa. Watoto watano wamebaki kwa mama zao kwa sababu hiyo.

Mwezi uliopita nilifuatana naye, maana vidonge sasa nitavipeleka mimi. Alimwambia Matilda kwamba anastaafu na hii ndiyo mara ya mwisho. Matilda akaingia ndani, tukadhani ndiyo basi. Akatoka na vigoda, ugali, na bakuli moja la maharage. Huku kwetu mwenye kifafa hutengewa chombo chake, watu wakiogopa mate. Benedicta alinawa, akakaa kati ya mama yake na dresa, wote wakachovya kwenye bakuli lilelile. Mzee alikuwa analia, na hakuacha kula.

Dresa Asukile, tunakushukuru kwa kazi yako, na kwa kutulazimisha kuandika yote. Nenda Mbalizi ukapumzike, magoti yakupe nafuu, wajukuu wakuchoshe kwa maswali kama ulivyotuchosha sisi. Mungu akujalie uzee wa amani. Vidonge vya Agosti nitavibeba mimi. Matilda ameagiza twende wote wawili, na wewe uje mikono mitupu, kama mgeni.