Hatua Sabini na Tatu

Ilisikika mara moja tu, usiku wa kuamkia Jumanne: sauti nzito, kama lori linalomwaga mawe. Kalamba nzima iliamka. Juu kulikuwa na nyota tupu, hata tone halikuanguka. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, vilimani, na mto uliokuwa mkavu tangu Januari ukashuka wote kwa mpigo mmoja. Kulipokucha ulikuwa umeshapita, umeacha mchanga mpya, laini, usio na alama ya mguu wa mtu. Na chini ya mchanga huo, mahali fulani, kulikuwa na mfuniko wa saruji wa kisima cha shule. Ndiyo maana Ijumaa asubuhi, kwenye benchi la Yakub muuza kahawa, wanaume watatu walikaa na majembe katikati ya magoti, viganja vimejaa malengelenge, wakibishana. Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu. Bila kisima hakuna maji, bila maji hakuna uji wala githeri, na mwalimu mkuu alikuwa ameshasema: gredi ya kwanza hadi ya tatu watabaki nyumbani mpaka wazazi wakipate kisima chao.

— Kimehama, alisema Injinia.

Jina lake ni Mutie. Aliitwa Injinia tangu siku alipoifungua pampu ya shule, akaifunga tena, na skrubu tatu zikabaki mkononi.

— Kisima kihame kiende wapi? Si ng'ombe hicho, alijibu Mwau, ambaye kwa wingi wa maneno walimpa jina la Spika.

— Sasa nieleze wewe. Kamati iliyotoka ilinipa namba kwa simu. Hatua sabini na tatu, kutoka jiwe lenye mstari mweupe, kuelekea jua linapotoka. Nikahesabu mwenyewe. Tukachimba mpaka kiunoni. Mfuniko uko wapi?

— Ukachimba shimo la pili.

— Na la tatu, na la nne. Si ulikuwepo?

— Nilikuwepo. Mto sasa unafanana na shamba la viazi.

Wa tatu kwenye benchi alikuwa Nzomo. Yeye walimwita Chea. Alikuwa mwenyekiti wa wazazi kwa miaka sita, na ingawa kiti kilikuwa na mtu mwingine sasa, jina lilibaki limemganda.

— Mimi nawaambia, aliendelea Spika, mto umekimeza. Umekibeba kizima kizima, pete zote za saruji, mpaka Athi.

— Kutoka Athi?

— Mpaka Sabaki. Sabaki mpaka Malindi. Saa hii kimefika, bana.

Yakub aliinua birika.

— Basi hakuna shida. Nina shemeji Malindi. Nitampigia nimwambie, shemeji, ukiona kisima kinapita hapo, kishike, kina wenyewe huku.

Wakacheka, hata Nzomo akacheka kidogo.

— Lakini wakati wa yule mama, alisema Injinia akijifuta machozi, kilikuwa kinapatikana kabla chai haijachemka.

Kicheko kikakatika.

Hakuna aliyeuliza mama gani. Kwa miaka minne jina lake halikuwa limetajwa kwenye benchi hilo, ingawa nyumba yake ya mabati ya kijani ilionekana pale pale, ng'ambo ya mto. Alikuwa ameshika kamati ya maji kwa miaka tisa, bila malipo, kama wazazi wote wa kamati. Kisha mto ukashuka, kisima kikafunguliwa, watoto wa gredi ya pili wakaharisha, na mkutano ukaitishwa. Nzomo ndiye aliyeuendesha. Nzomo ndiye aliyesema anayetaka mama huyu aondoke ainue mkono. Mikono ikainuka. Yule mama akasimama, akafungua pindo la leso, akaweka ufunguo wa kisima mezani, akaketi. Hakusema lolote. Tangu siku hiyo akawa yule mama, mama wa ng'ambo, yule wa maji. Wengine waliliepuka jina lake kwa hasira, kisha hasira ikaisha na mazoea yakabaki. Nzomo alikuwa na sababu yake mwenyewe. Alijua kwamba akilitaja, hataweza kuishia hapo.

— Tusirudi huko, alisema Spika, akikitazama kikombe.

Ndipo Bushra akaja. Alikuwa amehamia kutoka Mwingi mwaka uliopita, na katika mkutano wa Februari alichaguliwa sekretari wa maji kwa sababu moja: alichelewa kufika. Viatu vyake vilijaa mchanga.

— Asalaam aleikum, mjomba Yakub. Hamjambo, wazee.

— Sekretari wetu! Umetuletea kisima?

— Nimeleta daftari.

Alilitoa ndani ya mfuko wa plastiki. Alisema alikuwa stoo ya shule akitafuta kamba, akafungua kopo kuukuu la mafuta ya kupikia, akalikuta.

— Hakuna aliyeniambia kama liko. Mimi nilipewa ufunguo na kuambiwa Mungu akusaidie.

Nzomo alilijua kabla halijafunguliwa. Jalada la buluu. Na pale juu, kwenye mstari wa jina, wino mweusi uliopitishwa na kurudishwa, na kurudishwa tena, mpaka karatasi ikakaribia kutoboka.

Bushra akasoma.

— "Mto umeshuka Jumapili. Mchanga juu ya mfuniko, magoti mawili. Hatua 73." Halafu mwaka unaofuata. "Umeshuka mara mbili. Umekula ukingo wa kushoto, mkuyu umeenda. Mchanga, mpaka kifuani. Hatua 73." Halafu hapa. "Siku tatu za kwanza maji yana chumvi. Siku ya nne onja wewe. Siku ya tano, kama hujaumwa, wape watoto."

Yakub aliacha kumimina. Bushra akafunua, akasoma, akafunua tena. Kila mvua ilikuwa mle, masika na vuli, miaka tisa. Siku mto ulipokuja na maji mekundu, na siku ulipokuja na maji meusi ya majivu kwa sababu watu wa juu walikuwa wamechoma vichaka. Mwaka ambao haukushuka kabisa, na mwandishi akaandika hivyo: "Haujaja. Nimeenda kuutazama kila asubuhi." Na kila mahali namba ile ile.

Injinia alivua kofia.

— Ngai! Kwa hivyo hakijawahi kuhama.

— Hata hatua moja.

— Na hana mita, hana kamba. Anapima kwa goti, anapima kwa kifua! Huyu mtu mwili wake wote alikuwa ameutoa kwa mto.

Wakainamisha vichwa, kama watu walioingia kanisani wakakuta ibada imeshaanza.

— Hii ni kazi ya mzungu, alisema Spika hatimaye. Wale wa mradi, waliojenga bwawa la mchanga huko juu ya mto.

— Mzungu gani anaandika mkuyu umeenda?

— Basi ni malaika.

— Malaika ana magoti?

— Kwani hawapigi magoti huko? Ama... sikiza, labda hakuna mtu aliyeandika. Labda ni mto wenyewe. Ulikuwa unatuambia siku zote, sisi tumekaa hapa tunakunywa kahawa.

Nzomo aliwatazama mmoja mmoja. Walijua. Wote watatu walijua daftari lile ni la nani, ndiyo maana walikuwa wanakimbilia mbali hivyo, kwa wazungu, kwa malaika, popote, bora pasiwe ng'ambo ya mto.

— Kuna ukurasa wa mwisho, alisema Bushra. "Jumatatu. Tumefungua mfuniko. Maji bado machungu. Nimemwomba mwenyekiti tungoje mpaka Ijumaa. Mwenyekiti amesema watoto wanywe kesho, kuna wageni wanakuja kuona mradi."

Spika akakohoa. Injinia aliangalia jembe lake. Bushra hakujua mwenyekiti wa wakati huo alikuwa nani, na hakuna aliyemwonyesha.

— Chini yake kuna kalamu nyingine, na tarehe nyingine. Jumamosi.

Mkutano ulikuwa Alhamisi. Nzomo alihesabu. Siku mbili baada ya ile mikono kuinuka, yule mama alikuwa amekaa mahali, akafungua daftari, akaandika.

— "Kwa atakayepokea. Hesabu asubuhi kabla mchanga haujawaka, maana ukiungua utakimbia na hatua zitarefuka. Anza na mguu wa kushoto. Usibebe kitu. Watoto wakija kuchezea hapo, usiwafukuze, wao ndio wanakumbuka mfuniko uko wapi kuliko sisi. Nakutakia kazi njema."

Yakub alisema jina la Mungu polepole, kwa Kiarabu. Injinia alirudia maneno yale ya mwisho kwa mdomo tu, bila sauti. Amefukuzwa, akaenda nyumbani, akamtakia mrithi wake kazi njema.

— Sasa, wazee, alisema Bushra, mimi nimetoka mtoni. Nimetembea sabini na tatu zangu. Zimenifikisha mbali sana na shimo la kwanza la Injinia. Namba tunayo. Jiwe tunalo. Mlichopeana ni namba tu. Nina swali moja. Hizi hatua ni za nani?

Injinia aliuangalia mguu wake mrefu, kisha akaurudisha chini ya benchi kama mtu anayeficha kitu. Yakub alijaza kikombe ambacho hakuna aliyekiomba.

Ng'ambo, mlango wa nyumba ya kijani ulikuwa wazi, na mwanamke mfupi alikuwa anaanika mbaazi juu ya gunia. Alikwenda na kurudi, alikwenda na kurudi, kwa hatua ndogo ndogo zilizolingana.

Nzomo aliweka kikombe chini.

— Wino huo ni wangu, alisema. Hapo juu. Nilifuta mimi.

— Sikuulizi wino, mzee, Bushra alimjibu kwa upole. Nakuuliza hatua.

— Mbinya, akasema Nzomo. Ni hatua za Mbinya.