Maka Gelle na Moto Usioacha Kovu

Assalamu alaykum jamaa, majirani na wageni mliotoka mbali kuja kukaa nasi hapa Garissa. Kwa kuwa wengi wenu mlifanya kazi na marehemu bila kujua Kisomali, historia yake inasomwa kwa Kiswahili, lugha aliyoitumia kila alipogomba, na aligomba sana.

Maka Gelle alizaliwa Takaba mwaka 1959, binti wa mzee Gelle Abdihafid, mfugaji wa ngamia, na Mama Bilan, mtabibu wa kuchoma, maana zamani hizo homa ya mtoto na uvimbe wa ngamia vilipata dawa moja, chuma kilichotoka makaani kikagusishwa penye ugonjwa. Maka mwenyewe alichomwa tumboni akiwa na miaka sita, akabaki na makovu matatu ya mviringo, na hadi uzeeni alikumbuka jinsi mama yake alivyompuliza vidonda huku akilia kuliko yeye.

Alisoma shule ya msingi Takaba, sekondari Garissa, kisha uuguzi Nairobi, akahitimu mwaka 1982, na tarehe 3 Machi 1984 akaolewa na Yonis Salah, dereva wa lori la mifugo, wakajaliwa Hamze, Hodo na Rahmo. Kuanzia 1992 hadi alipostaafu 2019 alihudumu katika kliniki ya kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, ambako alikagua tumbo la mtoto kabla ya kumsalimu mama yake, akitafuta alama za moto, mpaka kina mama wakambandika jina la Askari wa Matumbo, naye akalipenda.

Ukali huo ulianzia nyumbani. Tarehe 11 Juni 1990, Hodo akiwa mchanga na macho yamegeuka manjano, Maka alirudi kutoka zamu akamkuta Mama Bilan, aliyekuja kuwatembelea, ameinamia makaa, akampokonya chuma, akaenda kukitupa mto Tana hapa Garissa majirani wakitazama, akamkataza kumgusa mtoto yeyote wa nyumba ile. Hodo alitibiwa hospitalini akapona, lakini Mama Bilan alipanda lori kurudi Takaba bila kuaga, na alipofariki Novemba 1997 mafuriko yalikuwa yamekata barabara, Maka akabaki Garissa na ombi lake la msamaha mdomoni. Jambo hilo lilimuuma miaka yote.

Mwaka 2021 aligunduliwa kuwa na saratani ya titi, akafanyiwa upasuaji, na 2023 ugonjwa ukaingia kwenye mfupa wa nyonga, akawa hapati usingizi kwa maumivu. Februari 2024 Hamze alimpeleka India, ambako madaktari walimweleza kwamba mawimbi ya sauti yasiyosikika huelekezwa kwa pamoja hadi sehemu moja ndani ya mwili, yakazaa joto la kuunguza uvimbe bila kupasua ngozi. Aliposikia neno kuunguza alikataa katakata, akadai arudishwe nyumbani, akakubali siku ya pili tu, maumivu yalipomshinda. Alipewa kitufe cha kubonyeza ili mashine isimame joto likizidi, hakukibonyeza, ila Hamze alimsikia akiita, "Hooyo, hooyo," kama watoto wetu wanavyomwita mama. Baadaye aliomba kioo, akatazama nyonga yake, hakuona kovu, akalia, akasema, "Hooyo alikuwa anatafuta hii. Moto alikuwa nao, mashine ndiyo alikosa."

Maumivu yalipungua, na kwa nafuu hiyo aliomba apelekwe Takaba, safari ambayo nyonga isingeiweza kabla ya hapo, akaketi penye kaburi la mama yake kutwa nzima, akamwomba radhi, na aliporudi alionya kwamba mtoto asichomwe hata hivyo. Saratani ilifika kwenye ini, naye akafariki nyumbani juzi, tarehe 14 Machi 2025, Yonis akimshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta chai na maji, na wenzake wa Dagahaley. Maka aliusia kwamba hili pia lisomwe: jirani yake Hinda na wenzake watakaomwosha wakifika kwenye yale makovu matatu wasimwonee huruma, wapaoshe taratibu, kwa kuwa hapo ndipo mkono wa mama yake ulipomgusa. Wamemwosha hivyo. Mungu akurehemu, Askari wetu, pumzika kwa amani, ukutane na Hooyo wako.