Bi. Hedia na Daraja la Mawe Manne

Ifikapo tarehe 30 Novemba, Bi. Hedia Laghmani atastaafu baada ya kuitumikia manispaa yetu ya Bir Zaitun, huku kusini mwa Tunisia, kwa miaka thelathini na mitatu. Amechoka. Ameniomba niliandike hilo kabla ya sifa, na mimi niliyekaa naye chumba kimoja cha ofisi karibu muda wote huo sina ubishi.

Alianza akiwa mchoraji katika idara ya mipango. Kazi yake ya kwanza ilikuwa daraja la korongo, kwa kuwa shule iko ng'ambo, na mvua za vuli zikinyesha korongo hugeuka mto, watoto wa huku wakakaa nyumbani wiki nzima. Akalichora vizuri. Gavana akaja, akaweka jiwe la msingi la marumaru, tukala kuskusi, tukapiga makofi. Kisha gavana akahamishwa. Aliyemfuata hakutaka kujenga juu ya jiwe lenye jina la mwenzake, akaagiza mpango mpya na jiwe jipya. Hivyo hivyo mpaka yakawa mawe manne, yamejipanga ukingoni kama makaburi, na daraja hakuna.

Jamani, mtu anachoka. Hedia alipandishwa cheo kwa ajili ya daraja lisilokuwepo. Akiulizwa kikaoni limefikia wapi, hujibu, "Liko salama, maji hayawezi kulibeba." Sisi tulicheka. Yeye hakuwa akicheka.

Mwaka jana akaomba kuhamia idara ya ujenzi. Mkuu wetu, Si Monsef, maana huku "Si" ndiyo "Bwana", alishangaa: "Mwaka wa mwisho watu wanatafuta kivuli, wewe unatafuta koleo? Subiri mpango wa tano upitishwe, mama."

"Nimesubiri ujana wangu wote, Si Monsef. Sasa nimebakiwa na magoti tu, na hayo nayo yanauma."

Si Monsef akatia saini. Nadhani naye alikuwa amechoka.

Daraja alilolichora, Hedia hakulijenga. Alichukua mabomba makubwa ya zege yaliyolala uani kwetu miaka na miaka, mbuzi wakijikinga jua ndani yake, akayalaza korongoni, maji yapite ndani na watu wapite juu. Mafundi wakamtania, "Bibi, mchoro uko wapi?" Akawachorea mchangani kwa kisigino. Mawe ya kushikilia mabomba yalipopungua upande wa shule, akayatazama yale manne ukingoni.

"Haya si ya msingi? Basi yaende msingini!"

Hakuna aliyebisha. Magavana wote walishahama.

Mwezi uliopita korongo likajaa. Tulikwenda kutazama, roho juu. Maji yakapita kwenye mabomba, mengine yakaruka juu, kivuko kikabaki. Yalipopungua, watoto wakavuka kwenda shule. Hedia akakaa juu ya kifusi, viatu vimejaa tope, akalia bila kujificha.

"Kivuko kimepinda," akasema.

Kimepinda kweli.

Hedia, ahsante. Nenda kapumzishe magoti, unywe chai yako ya mnanaa ingali moto, kwa afya na utulivu, kwani humu ofisini ulikunywa baridi miaka yote. Habari ya mwisho: mpango wa tano umepitishwa Jumatatu. Gavana mpya anakuja kuweka jiwe upande wa shule, na kwa mvua hizi atalazimika kupita juu ya kivuko chako.