Uzi wa Gunia

Kwenye kona ya duka la mbolea mjini Eldoret kuna benchi moja ya mbao, na mbele yake birika la kahawa ya tangawizi la Mzee Khalid halipoi. Hapo ndipo Abdinasir, msafirishaji wa mahindi ambaye kijiwe kizima kinamwita Turbo, jina la mji anaokwenda kila mara, alikuwa akikaa na kuinuka, akikaa na kuinuka. Saa kumi basi la shule lingemshusha bintiye Hamdi, mwenye miaka saba. Tangu jana jioni mtoto huyo alikuwa amemfungia mdomo, si kwa chakula, si kwa neno.

— Keti bana, unatumwagia kahawa, alisema Oyugi, fundi viatu anayejua kila ugonjwa hadi wakampa jina la Daktari. Kwani ulimfanya nini?

— Daktari wa ukweli alisema chakula kinakwama kati ya meno, mswaki haufiki. Asafishwe na uzi kila jioni. Mamake ndiye hufanya, na ameenda Isiolo kwa dadake. Uzi ukaisha. Nikachukua ule wa kushonea gunia.

Mzee Khalid akaacha kumimina.

— Wa gunia! alisema Jepkosgei, muuza maziwa wanayemwita Mama Moiben. Ule wa mahindi ya kilo tisini?

— Nilichambua uzi mmoja tu, mwembamba. Nikavuta, damu ikatoka. Wallahi, hata hakulia. Aliniangalia tu.

Aibu ilikuwa inamla Abdinasir tangu wakati huo, na hofu pia, kwamba mtoto hatamwamini tena.

— Hukukosea sana, alisema Daktari. Ungepaka nta. Mimi sishoni kiatu bila nta.

— Meno ni kiatu? aliuliza Abdinasir.

— Basi sikia: chanda chema huvikwa pete, si uzi. Ukijifunga uzi kidoleni, damu inarudi kwa ubongo. Mtoto aliona unaanza kurukwa na akili.

— Wacha hayo, alisema Mama Moiben. Wazee wetu waling'oa meno mawili ya chini, pengo likabaki, na hakuna aliyenunua uzi. Upepo ulisafisha. Hawa wakimbiaji wetu unadhani wanakimbilia nini? Penye nia pana njia!

— Kwa hivyo nikimkimbiza hadi Sugoi mdomo wazi, atakuwa safi?

— Na kurudi.

Daktari hakukubali kupitwa.

— Si upepo, ni sifa. Mlimsifu mtoto ati meno yake mazuri. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Meno yakisifiwa yanasongamana, kila moja inataka kuonekana. Hapo ndio nyama inakwama!

Mama Moiben alicheka hadi akashika mbavu. Abdinasir hakucheka. Mfukoni alikuwa akigeuzageuza kikasha cha uzi wa meno alichonunua asubuhi duka la dawa. Uzi mzuri ungesaidia nini, na mdomo umefungwa?

Basi likasimama. Hamdi akashuka na begi lake, midomo ameibana. Alipoona baba anatoa kikasha, akarudi nyuma hatua moja, na hatua hiyo ikamuuma Abdinasir kuliko maneno.

— Si ule wa gunia, Hamdi. Tazama.

Hamdi alitazama kikasha. Kisha akawatazama wote, meno yao yaliyogeuka rangi kwa kahawa. Hatimaye akafungua mdomo.

— Na nyinyi, nani huwasafisha hapo katikati?

Daktari akainamia kiatu. Mama Moiben akajishughulisha na kifuniko cha mtungi wa maziwa, kilichokuwa kimefungwa vizuri. Mzee Khalid akafunika mdomo kwa kiganja.

Abdinasir akapiga magoti vumbini, akampa mtoto kikasha, akapanua mdomo.

Hamdi akakata uzi mrefu kupita kiasi. Akauzungusha vidoleni polepole, kama anavyofanya mamake, akaupitisha kati ya meno mawili. Kikatoka kipande cha ganda la mahindi. Na damu kidogo.

— Inauma, aabo?

Baba akatikisa kichwa kwamba ndiyo, machozi yakimlengalenga.

— Mimi pia iliniuma, alisema Hamdi, akikata uzi mwingine. Usifunge. Bado ya nyuma, halafu zamu yangu.