Inapanga Kuni: Miaka Thelathini na Miwili ya Dionis Mligo

Ndugu Dionis Mligo anastaafu leo, tarehe 30 Juni 2004, baada ya miaka thelathini na miwili katika kiwanda cha uchapaji cha misheni, hapa Njombe. Wenzake wameniomba mimi mama yake niandike. Wamefanya vizuri, maana nani mwingine anamjua tangu hana meno?

Alianza mwaka 1972 kwa kupanga herufi za madini ya risasi, mojamoja. Kompyuta ilipoletwa, yeye na miaka yake hamsini akaenda Makambako kuisomea. Alirudi na cheti. Nimekitundika sebuleni, juu ya picha ya harusi yangu.

Mwaka 2001 kompyuta hiyo ilikuwa nzito: ukifungua ukurasa, chai inapoa. Ndani mlikuwa na nyimbo zote za Kibena za kwaya yetu, na nakala nyingine hakuna. Meneja Hilari akaamua ipelekwe Makambako, diski ifutwe. Dionis akaomba siku moja. Alinieleza kwamba kwanza ataikagua diski, palipoharibika paachwe, halafu vipande vya kila faili vilivyotawanyika avirudishe pamoja. Nikamwambia, "Basi hiyo ni kupanga kuni, baba." Akabandika mlangoni: INAPANGA KUNI. USIZIME. Neno hilo ni langu, msisahau.

Bashiru, dereva wa lori aliyekuja kuichukua, akalisoma, akazunguka nyuma ya jengo. Akarudi anafoka: "Mzee Dionis, kuni zenyewe ziko wapi? Mke wangu ana mgahawa, nazitaka zote! Na kuni gani hizo, zinapangwa huku zinawaka?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Akapewa chai, akakaa akitazama vijumba vya rangi vinavyohama kwenye kioo, lori akalisahau. Vilipotulia, Dionis akafungua nyimbo. Zote zilikuwepo! Lori likarudi tupu, kitabu cha nyimbo hizo kikatoka kabla ya jubilei ya misheni, na leo kwaya itaimba humohumo.

Tangazo lile la mlangoni amemwachia Lidia, aliyefundishwa kazi naye. Juzi Lidia alilibandika, na Dionis mwenyewe akapita mlangoni kwa kunyata.

Asanteni nyote mliomtunza mwanangu. Na wewe, baba, tunakutakia afya, mvua za kutosha na usingizi wa mchana. Sasa zima, uje nyumbani. Kuni zangu hazijapangwa tangu Pasaka.

Mama yako, Dafroza