Mikanda Iliyopakiwa Bila Kupimwa

Sogeeni, wanangu, na wewe kifungua mimba toka hapo mlangoni uketi, maana neno hili linakuhusu kuliko wenzako. Pumzi yangu ni haba, msinikatize.

Kiwanda ni chenu watatu, sawa kwa sawa. Nyumba hii ni ya kitinda mimba, aliyeninawisha na kunigeuza miezi yote hii huku ninyi wengine mkinitumia salamu. Msinune, nasema kweli. Limebaki la saini, ile inayowekwa kwenye cheti cha ubora kila mzigo unapokwenda ng'ambo.

Tunashona mikanda ya wajenzi, inayomdaka mtu akiteleza huko juu ghorofani. Tangu cherehani zikiwa nne, kila shehena nilichomoa mkanda mmoja bila kuchagua, nikajifunga, nikaning'inizwa kwenye boriti, mimi mwenye kiwanda, miguu ikielea na mafundi wakinicheka. Chekeni, niliwaambia, ila shoneni vizuri. Fundi akijua bosi ataning'inia kwa uzi wake, halipui kazi.

Sasa sikilizeni nililowaficha. Mwaka aliozaliwa kitinda mimba tulipokea uzi mpya, meli inangoja, mnunuzi anapiga simu kutwa. Mkaguzi wetu, yule mzee mpole mliyemwita Babu Rula, akaniambia, "Mama, uzi huu siuamini, nipe siku mbili." Nikamwambia asinicheleweshe, nikasaini bila mtu yeyote kuning'inia. Haikupita miezi mitatu, mjenzi mmoja huko ng'ambo akaanguka akafa, baba wa watoto. Wachunguzi walipokuja kuuliza, nilimtupia Babu Rula lawama zote, nikamfukuza mbele ya mafundi. Alikunja koti lake la kazi akaliweka mezani kwangu. Naona haya mpaka leo, wanangu, haya kubwa.

Yu hai bado. Mleteni kiwandani, mashine zizimwe, mafundi wote wasimame, mseme kwa sauti kwamba kosa lilikuwa la mama yenu. Na familia ya marehemu waandikieni ukweli huohuo, bila kuupamba.

Nawe, kifungua mimba, ulidhani kwa kuwa nimelala sina habari? Mafundi wameniambia. Kontena limeondoka asubuhi hii, cheti umesaini, na hakuna aliyening'inia. Utasema kila mtu katika biashara hii anafanya hivyo, na wanunuzi hawaulizi. Atakayeuvaa mkanda huo hamkumwita kwenye kikao chenu na wanunuzi, mwanangu. Sikutukani, ujanja huo umeuchota kwangu.

Kwa hiyo saini nampa dada yako wa kati, ambaye amening'inia mara tisa bila kuambiwa na mtu. Wewe shika mauzo, mdomo unao. Na siku ukitaka saini, panda kwenye boriti kwanza.

Ah... nipe maji. Kidogo tu.

Sasa mpigie dereva. Hapa hapa, mbele yangu. Mnunuzi atafoka, najua, mwache afoke, mtamweleza kwa nini. Weka sauti juu. Mwambie arudishe mzigo... mwambie wewe mwenyewe, si dada yako.

Amesemaje? Sikio hili... rudia. Yuko getini bandarini?

Anageuza.

Haya. Nimewaridhia, wanangu, wote watatu... Mungu awape mioyo thabiti penye haki. Njoo, kifungua mimba, nipe mkono. Usikate simu... mpaka afike.