Dada Aliyetuandika Sote

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kutufariji, nimesimama kwa niaba ya familia kusoma historia ya dada yetu mkubwa, na niseme mapema kwamba mimi ni fundi friji, si mtu wa kalamu, kazi hii ilikuwa yake, kwani kila msiba wa ukoo huu kwa miaka thelathini na tano ni yeye aliyeandika karatasi ya kusomwa, na hakuna aliyewahi kujiuliza yake ataandika nani.

Marehemu alizaliwa mwaka 1951, au 1952, tumebishana siku tatu hatukufika popote, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne. Alisoma hadi darasa la saba, kisha akajifunza kupiga chapa, wapi na kwa msaada wa nani hatujui. Tarehe 4 Februari 1974 aliajiriwa kuwa karani wa shule ya wasichana, hiyo tunayo kwa sababu barua ipo, akakaa kwenye dirisha lile lile hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2009.

Tarehe 14 Agosti 1976 alifunga ndoa na shemeji yetu, dereva wa lori, aliyemtangulia mwaka 1998, wakajaliwa watoto watatu, na hao kuzaliwa kwao tunakujua hadi dakika, maana dada alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda, humo kila mmoja wetu ana bahasha yake, picha, barua, vyeti, na habari ya kila kitu kwa mwandiko wake, hata jino langu la kwanza kung'oka limo, pamoja na maelezo ya nani nilimng'ata nalo. Jamani, nani anatunza jino la mtu mwenye upara? Tulimcheka, tukamwita Makumbusho, naye akicheka nasi huku anafunga bahasha. Ijumaa tulifungua sanduku kutafuta bahasha yake mwenyewe, tukaikuta, ina jina lake juu, ndani hamna kitu.

Tarehe 9 Machi mwaka jana alipata kiharusi, mkono wa kulia ukagoma, ulimi ukabaki mzima, na kwa kuwa wanawe wako mbali kikazi akaanza kunipigia mimi simu, niende na kalamu, ana mambo yake ya kunieleza. Nilimjibu nakuja dada, Jumapili, Jumapili ikawa na friji ya mtu, iliyofuata nikawa nimechoka, basi ikawa hivyo mwaka mmoja na miezi mitatu. Kwenda nilikwenda, nikapeleka matunda, nikasimama mlangoni na ufunguo wa gari mkononi. Alhamisi tarehe 12 Juni, saa nane mchana, alifariki, nami nilikuwa juu ya paa la duka nikikaza bomba. Inaniuma, sitawadanganya.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, makarani wenzake wa zamani, na jirani aliyemwogesha kila asubuhi bila kuombwa, ambaye jana ameniambia kwamba dada aliogopa ngurumo, akisikia radi anajifunika khanga kichwani, na mimi ndugu yake wa tumbo moja sikujua. Nimeliandika, ndilo la kwanza. Baada ya mazishi nitakaa pale kwenye meza ya maji na daftari, mwenye lolote alijualo juu yake, hata liwe dogo vipi, tafadhali asiondoke nalo.

Dada yetu, pumzika salama.